Kelele za Redio Ulizozihubiri

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini sijawahi kuanza kusema nawe bila neno hilo, na sitaanza leo.

Nakuandikia kwa Kiswahili, ingawa wewe na mimi tuliongea Kirundi tangu nijue kusema. Nyumbani ulikuwa Data, na wenzangu huku kazini hawajui kwamba neno wanalolitamka kutwa nzima wakimaanisha vipimo, kwetu ni mzazi. Lakini ukiwa na jambo la watu wote ulihamia Kiswahili. Hata ukiwa mezani na sisi watatu tu, ukianza Kiswahili tulijua unataka jirani naye asikie. Barua hii ni ya namna hiyo. Nataka isomwe na watu wa Mabawe, na wa Nyakisasa, na wa kila kigango ulikowahi kusimama mbele yao padri akiwa hajafika.

Nianze na redio yako. Ilikuwa na kigoda chake, na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Jioni ukitoka kwenye migomba ulinawa miguu, ukaketi, ukaanza kuzungusha kile kirungu taratibu ukitafuta habari za Burundi, nchi uliyoiacha ukiwa mgongoni mwa bibi. Kazi yangu ilikuwa kushika waya wa antena dirishani, kwa sababu uligundua kwamba nikiushika mimi sauti inakuwa safi kuliko ukifungwa kwenye msumari. Kati ya stesheni na stesheni zilikuja kelele: mvumo mrefu, kisha mipasuko kama kuni mbichi motoni. Siku moja nikakuuliza nani anazipiga.

"Sijui," ulisema. "Ukijua, uje uniambie."

Nilikuwa darasa la tatu. Hakuna mtu mzima mwingine aliyekuwa amewahi kuniambia hajui kitu. Walimu walijua vyote, na padri alijua zaidi. Wewe ulisema hujui kwa sauti ile ile uliyotumia kuomba chumvi, ukaendelea kutafuta stesheni yako.

Miaka ikapita, nikasoma sekondari Ngara mjini, nikaenda chuo, nikapata ufadhili wa kwenda kusoma huku kaskazini ya mbali, ambako majira ya baridi jua huonekana kidogo tu likazama. Niliwekwa kwenye kituo cha utafiti chenye kibanda cha mbao, nyaya za antena zilizotandazwa juu ya theluji na kompyuta mbili. Unakumbuka simu yangu ya mwezi wa pili. Nilikuwa mpweke, na nilikuwa nimechoka kueleza.

"Watu wananiuliza unafanya nini huko," ulisema. "Niwaambie nini?"

Nikajaribu. Nikasema plazima, nikasema uga wa sumaku, nikasema elektroni. Ukaitikia "ndiyo" mara tatu, ile ndiyo uliyowapa watu usiotaka kuwaaibisha. Nikachukua njia ya mkato.

"Baba, unazijua zile kelele za redio yako? Za katikati ya stesheni? Ndizo ninazozisomea. Zinatoka huku. Zinatoka kwenye ile mianga ya kijani inayowaka angani usiku, niliyokutumia picha yake."

Kisha ukasema, "Kwa hiyo ulirudi kuniambia," na sauti yako ilikuwa ya mtu anayetabasamu.

Nitasema ukweli hapa mbele ya wote. Nusu yangu ilidhani ni kweli. Nusu nyingine haikujali kama ni kweli. Nilitaka tu uwe na kitu cha kuwaambia watu.

Na uliwaambia. Mama alinisimulia kwa simu huku anacheka kwamba Jumapili ile, baada ya masomo, uliinua mkono ukasema Mungu ameweka taa kaskazini mwa dunia, na taa hizo zina sauti, na sauti hiyo inafika hadi Mabawe kwenye redio zetu, na binti wa kigango hiki ndiye anayeisikiliza kwa niaba ya dunia. Nilicheka pamoja naye. Ukaisema Nyakisasa. Ukaisema kwenye harusi. Wachuuzi wa Rusumo waliokuja kununua ndizi waliisikia kutoka kwako wakaibeba na mikungu yao.

Mwaka wa pili ndipo nilipojua. Msimamizi wangu alinipa rekodi za sehemu mbalimbali za dunia nizilinganishe. Nikavaa vipokea sauti vya masikioni, nikafungua ya nchi za ikweta, na hapo hapo nikatambua kelele za utoto wangu, mipasuko ile ile. Kwenye karatasi iliyoambatana nayo paliandikwa asili yake: radi. Haikuwa mianga, na haikutoka kaskazini.

Nilijiambia nitakueleza nikija likizo. Nikaja. Nikala ndizi zako, nikasikia ukimsimulia mgeni habari za taa zenye sauti, nikainuka nikaenda kumsaidia Mama kuchota maji. Mwaka uliofuata nikaja tena, nikafanya hivyo hivyo.

Safari ya tatu, Mama alikuwa anamenya ndizi nami nikamuuliza mbona Mwalimu Ezekieli hasalimiani na wewe. Kwa wasiomjua: ni kijana wa Kisukuma aliyetoka Shinyanga kuja kufundisha fizikia sekondari ya kwetu, mtaratibu, mwimbaji wa besi kwaya ya kigango.

"Hujui?" Mama alisema. "Alimfuata baba yako baada ya ibada. Akamwambia kwa adabu tu, mzee, kelele za redio ni za radi, hazitoki kwenye mianga ya kaskazini. Baba yako akamjibu kwamba binti yake anazisikia kwa masikio yake mwenyewe. Jumapili iliyofuata akasema mbele ya watu kwamba wapo waliosoma vitabu wasielewe, nao wanafundisha watoto wetu."

"Alimtaja jina?"

"Hakumtaja. Watu wote waligeuka kumtazama."

"Ikawaje?"

"Ameacha kwaya. Na wazazi wengine wanasema watoto wao hawafundishwi vizuri." Aliosha kisu. "Kwani yeye ndiye aliyekosea?"

Nilitoka nikakukuta uani unageuza kahawa kwenye mkeka, jua la saa nne likiwa limeshapanda. Nikachuchumaa upande wa pili nikaanza kugeuza na mimi. Nilikuwa na shahada ya pili, nilikuwa nimeshasimama mbele ya maprofesa wa nchi nne, na bado nilitamani kuinuka niende kuchota maji.

"Data, Mwalimu Ezekieli alisema kweli. Mimi ndiye niliyekudanganya."

Hukuacha kugeuza kahawa.

"Ulijua lini?"

"Mwaka wa pili."

"Ni miaka mingapi hiyo?"

"Minne."

Ukaokota punje mbovu, ukaitupa pembeni. Ukaokota nyingine. Nikasubiri unikaripie. Ulisema tu, "Ile siku ya kwanza ulikuwa hujui. Hiyo si kitu. Hii minne ndiyo inayoniuma," na hapo nikalia, kwa sababu ulikuwa umelipata jambo lenyewe kwa mara moja, wakati mimi nilikuwa nimelizunguka miaka yote hiyo.

Uliniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha ukavuta kigoda, ukanionyesha nikae, ukahamia Kiswahili.

"Sasa nieleze. Usinionee huruma. Nieleze mpaka niweze kumweleza mtu mwingine."

Nimefanya mitihani mingi, Baba. Huo ndio uliokuwa mgumu kuliko yote.

Nilianza na jua. Nikasema jua linavumisha upepo, lakini ni upepo wa chembe zenye umeme. Gesi ikipata joto kali mno, elektroni hubanduka kwenye atomu zake, vyote vikabaki vikielea pamoja. Hiyo ndiyo plazima. Dunia ni sumaku kubwa, na sumaku hiyo inauzuia upepo usitufikie moja kwa moja. Lakini nguvu inajikusanya upande wa usiku wa dunia, na ikizidi, elektroni zinasukumwa kwa kasi zishuke kwa kufuata mistari ya sumaku, kuelekea kaskazini kabisa na kusini kabisa. Zikigonga hewa ya juu, hewa inang'aa. Ndiyo mianga.

"Hapo nimeelewa," ulisema. "Redio inaingiaje?"

"Kadiri elektroni zinavyoshuka, sumaku inazidi kuwa kali. Mistari inabanana."

"Kama mto unavyobanwa pale Rusumo."

"Kubanana, ndiyo. Lakini Rusumo maji yote yanapita. Elektroni hazipiti zote. Kila moja inashuka huku ikizunguka mstari wake. Zinazoshuka wima zinapita, zinapotelea hewani. Zile ambazo mwendo wake mwingi ni wa kuzunguka zinafika mahali zinakataliwa, zinarudishwa juu."

Ulifikiri. Ulikuwa umeshika konzi ya kahawa bila kuiangalia.

"Basi huko juu zinabaki za kuzunguka tu. Nyingine zimeshaondoka."

"Ndiyo. Na hapo ndipo penye shida. Kwa kawaida, kwenye kundi la chembe, zenye nguvu kidogo ndizo nyingi na zenye nguvu nyingi ni chache. Hapo mambo yamepinduka. Zenye nguvu nyingi zimezidi, na plazima haiwezi kukaa hivyo. Sasa likitokea wimbi dogo la redio, dogo kabisa, ambalo linazunguka kwa mwendo ule ule wa elektroni, elektroni zinaanza kuligawia nguvu zake. Wimbi linakua. Likikua linachukua nguvu zaidi, na likichukua zaidi linakua zaidi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ile ziada iishe. Kisha elektroni nyingine zinashuka, inaanza upya."

"Na linakuwa kubwa?"

"Likiwaka sawasawa, nguvu yake inashinda stesheni zote za redio za duniani zikijumlishwa."

Uliniangalia kwa jicho la mashaka, na ulikuwa na haki. "Na sisi hatulisikii."

"Hatulisikii. Linazaliwa juu sana, kilomita maelfu, na linaondoka kwenda nje. Chini yake kuna tabaka la hewa yenye umeme, na mawimbi marefu namna ile hayawezi kulipenya. Yanagonga yanarudi. Ni vyombo vilivyorushwa angani ndivyo vilivyoyasikia."

"Basi wewe na nyaya zako kwenye theluji unasikia nini?"

Hilo ndilo swali ambalo hata wanafunzi wenzangu hawakuwahi kuniuliza vizuri hivyo. Nikakueleza kwamba kuna mngurumo mwingine, dhaifu zaidi, unaozaliwa chini, ndani ya lile tabaka lenyewe, elektroni za mianga zinapolipitia na kulitikisa. Nao unatokana na plazima kushindwa kutulia, ila mawimbi yake ni mafupi zaidi, na sehemu yake inaponyoka ikafika ardhini. Lakini unasikika huko huko karibu na mianga. Mabawe haufiki.

"Na kelele za redio yangu?"

"Radi. Nyingi za Kongo, nyingine za mbali zaidi. Na kidogo ni mashine na taa za watu."

Uliinuka, ukajipangusa magoti. "Haya. Sasa nisikilize mimi."

Ukanirudishia yote tangu jua. Mahali pawili ulikosea, nikakurekebisha, ukarudia. Mara ya tatu ulisema vizuri kuliko kitabu. Mama alitoka mlangoni akauliza kama leo hatuli.

Jumamosi alasiri ulivaa koti la ibada, tukaenda wote wawili kwenye nyumba za walimu. Mwalimu Ezekieli alikuwa anafua. Alipotuona alijifuta mikono haraka.

"Shikamoo, katekista."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kukaa." Ulivua kofia. "Uliniambia kweli nikakuaibisha. Huyu ameniambia mwenyewe. Naomba unisamehe."

Alinitazama mimi, akakutazama wewe. "Yameisha, mzee. Umekuja mpaka kwangu, yameisha."

"Kwako yameisha. Kesho uje kanisani."

"Si lazima mzee. Inatosha hapa hapa."

"Nililisema altareni," ulimwambia. "Siwezi kulirekebisha penye beseni la nguo."

Jumapili hiyo nilikaa benchi la mbele na nilitamani ardhi inimeze. Wakati wa matangazo ulieleza mchango wa mabati, ukaeleza zamu ya usafi, kisha ukafunga daftari. Ukasema kwamba kwa miaka kadhaa umewafundisha jambo lisilo kweli. Ukasema mtu mmoja alikusahihisha kwa heshima ukamdhalilisha mbele ya kigango, na sasa unamtaja jina kwa sababu siku ile hukumtaja ila kila mtu alimjua. Ukamwomba radhi. Kisha ukawaeleza kelele za redio ni nini na mianga ya kaskazini hutoa nini, tangu jua mpaka lile tabaka lisilopenyeka, bila kunitazama hata mara moja. Hukusema nani alikudanganya. Nilingoja useme. Ulipofika mwisho ukasubiri, nikaelewa unasubiri nini.

Nikasimama. Nikasema ni mimi.

Aliyekuja kutuokoa ni Bibi Karolina, mkongwe wa kigango chetu, ambaye hakuwahi kuona sababu ya kungoja aruhusiwe.

"Mjukuu, nauliza. Kama hiyo sauti haifiki kwenye ledio ya mtu yeyote, nyie mnajuaje ipo?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikamjibu habari za vyombo vya angani. Akauliza vinaendeshwa na nani. Akauliza kama vinaona Mabawe. Tulichelewa kutoka nusu saa. Mwalimu Ezekieli alijibu swali moja akiwa amekaa, na jingine akiwa amesimama, na mpaka tunatoka nje alikuwa amezungukwa na vijana wa kidato cha tatu. Wiki mbili baadaye alirudi kwenye besi. Mama aliniambia kwa simu.

Nilikuwa nimedhani nimekupunguza, Baba. Niliogopa kwamba watu hawatakuamini tena ukisimama. Kumbe baada ya hapo walikuletea magomvi yao zaidi ya zamani, ya mipaka ya mashamba na ya ndoa, kwa sababu walikuwa wameona ukikosea na walikuwa wameona ulichofanya. Na wewe na mwalimu mkawa watu wa kutembeleana. Yeye ndiye aliyekupeleka hospitali ile siku kifua kilipokubana, na ndiye aliyenipigia. Nilifika nikakukuta ukiwa hai, tukawa na siku tisa. Nashukuru kwa hizo tisa. Kaburini mwalimu aliimba mpaka sauti ikakatika, waliobaki wakamalizia.

Sasa nikueleze kwa nini nimekaa kuandika leo.

Mwaka jana niliwatangazia wenzangu kwamba nimepata aina ya mngurumo ambayo haikuwa imeonekana kwenye rekodi zetu. Ilikuwa mingurumo mifupi, yenye mapigo yaliyopangika, na nilikuwa na mifano zaidi ya arobaini. Watu walifurahi. Nilialikwa kuzungumza huku na kule. Wiki iliyopita nilikuwa nalinganisha saa za mingurumo hiyo na saa za vifaa vya kibandani, kazi ya kuchosha ambayo ningeweza kumwachia mtu mwingine, nikaona kwamba mingi inaangukia dakika ile ile ambayo kile chombo cha kupasha joto kibanda kinajiwasha. Nikakizima siku nzima. Mianga ilikuwa ya kutosha, lakini mapigo hayakuja.

Jumanne nilisimama kwenye ukumbi ule ule nilikoitangaza, mbele ya watu wale wale. Sikutuma ujumbe wala sikungoja likizo. Nikasema: sehemu kubwa ya nilichowaonyesha ni chombo cha joto cha kibanda chetu, na kosa ni langu, kwa sababu nilipaswa kukagua kabla ya kutangaza. Nikawaonyesha grafu. Profesa mmoja mgeni aliuliza maswali makali kwa dakika kumi na nikamjibu yote, kwa kuwa nilikuwa nimeshajiuliza makali kuliko hayo. Wanafunzi wangu wawili waliokaa nyuma walikuwa wanaandika.

Nilipomaliza kuondoa yote ya kile chombo, ilibaki mingurumo saba. Ni saba tu, Baba, kati ya arobaini na zaidi. Ilitokea siku nyingine, chombo kikiwa kimezimwa, mianga ikiwa juu ya kibanda, na antena ya kituo cha jirani, kilomita sitini kutoka kwetu, iliisikia saa ile ile. Nimeikagua mara nne. Nimempa mtu asiyenipenda aikague. Ipo. Hakuna aliyeieleza bado jinsi plazima inavyoitoa, na ninakusudia kuwa wa kwanza kuieleza.

Lala salama, Data. Mama nitamwona mwezi wa saba, na nitamweleza yote mwenyewe, mpaka aniambie chakula kinapoa.

Ni mimi binti yako,
Spesioza